Gari Limepiga Shimo: Soma Dalili Kabla ya Kununua Spea

Ukifika gereji ukasema tu "linagonga huku chini," umempa fundi ruhusa ya kubadilisha chochote. Ataanza na stebilaiza linki kwa sababu ni rahisi kufungua. Mlio ukibaki atahamia kwenye bushi, halafu shokapu, na mwisho utaambiwa raki nzima ya usukani imekwisha. Kila hatua ina bei ya spea na pesa ya ufundi, na mlio bado upo palepale.

Shimo halipigi gari ovyo. Kishindo kinaingia kwenye tairi, kinapita kwenye rimu, beringi, bol jointi (kiungo cha kigololi kinachoacha gurudumu likate kona na kupanda), mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na gari) na bushi zake za mpira, kinapanda shokapu na mauntingi (kishikio chake cha juu), ndipo kinafika kwenye bodi. Ukijua mlio unatokea lini, kwa mwendo gani na usukani ukiwa umeelekea wapi, unaweza kulibana tatizo kwenye kifaa kimoja au viwili kabla hujatoa hata shilingi.

Nazungumzia zaidi magari yaliyojaa mijini kwetu: IST, Vitz, Passo, Premio, Noah, Rumion. Yote haya mbele yana shokapu iliyovikwa springi na mkono mmoja wa chini kila upande, kwa hiyo dalili zake zinafanana. Na kwa kuwa tunaendesha kushoto, gurudumu la mbele kushoto ndilo huumia kwanza: ukingo wa lami ulioliwa na maji na mifuniko ya mitaro iliyozama viko upande huo. Ukikosa pa kuanzia, anzia hapo.

Dakika tano za kwanza

Umesikia kishindo. Punguza mwendo, washa hazadi, tafuta pa kuegesha. Kabla hujafungua mlango tazama dashibodi. Taa nyekundu yenye alama ya birika la oili ikiwa imewaka, zima injini papo hapo. Hiyo maana yake presha ya oili haipo, na huenda sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imepasuka. Hakuna cha "nitafika tu pale sheli." Injini isiyo na presha ya oili hujiua ndani ya dakika chache, na sampu ambayo ingeweza kubadilishwa au kuchomelewa inageuka kuwa injini nzima.

Ukishuka, chungulia chini. Tone jeusi au la kahawia ni oili ya injini. Jekundu linaloteleza vidoleni huenda ni oili ya gia boksi. Jekundu au la waridi lakini jepesi kama maji ni kulanti ya rejeta, maana Toyota nyingi hutumia ya rangi hiyo, na watu wengi huichanganya na oili ya gia. Maji masafi upande wa abiria wakati AC inafanya kazi hayana shida yoyote. Jihadhari na gari lenye plastiki ya kukinga chini ya injini: oili hujikusanya juu yake kwanza, ukaondoka ukidhani uko salama. Subiri kidogo, kagua tena, na pima kwa kijiti.

Halafu magurudumu. Zungusha usukani mpaka mwisho kila upande ili uone ubavu wa ndani wa matairi ya mbele. Pitisha mkono kwenye midomo ya rimu. Kila kitu kikionekana sawa, ondoka taratibu huku ukijaribu breki.

Tairi limetoa nundu ubavuni

Hii ndiyo dalili nyepesi kusoma na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Ubavu wa tairi umejengwa kwa nyuzi zilizofunikwa mpira. Gari linapotumbukia, tairi hubanwa kati ya ukingo wa shimo na mdomo wa rimu, na nyuzi hukatika hata kama mpira wa nje haujachanika. Upepo unausukuma mpira mahali pasipo na nyuzi, nundu inatokea. Inaweza kutokea saa hiyohiyo au baada ya siku kadhaa, na mara nyingi huwa upande wa ndani usioonekana ukiwa umesimama kando ya gari.

Dawa yake ni moja, kubadilisha tairi. Kiraka kinachobandikwa ndani huziba upepo lakini hakirudishi nyuzi. Fundi pancha akikwambia "hii itaenda tu, usikimbize," mwulize kama yeye angepanda basi la Dodoma lenye tairi kama hilo.

Kwa nini gari la jirani limepita shimo lilelile salama? Soma namba za tairi. Tairi la 185/65 R15 lina ubavu wa asilimia 65 ya milimita 185, yaani milimita 120 hivi. Lile la 225/40 R18 lina milimita 90 tu, tena zinabeba rimu kubwa na nzito zaidi. Anayeweka rimu pana za inchi 18 kwa ajili ya muonekano ameondoa sentimita tatu za mpira zilizokuwa zinamkinga. Ni haki yake, ila asishangae.

Upepo nao una mchango. Ukiwa mdogo, tairi linabanwa mpaka kwenye rimu kirahisi. Ukiwa mwingi, tairi linakuwa gumu na kishindo kinahamia kwenye beringi na shokapu. Fundi pancha akikuuliza "tuweke ngapi?" jibu liko kwenye stika ya mlango wa dereva. Kwa magari ya kutoka Japani stika hiyo ina maandishi ya Kijapani, lakini namba zinasomeka: 220 kPa ni kama psi 32, 230 ni psi 33, na 240 inakaribia 35. Pima tairi likiwa baridi.

Ukinunua tairi la mtumba kuziba pengo, tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliozeeka unakakamaa na kupata nyufa ndogo, na ndio unaopasuka kwanza shimoni hata kama meno bado marefu.

Upepo unapungua polepole

Fundi ametumbukiza tairi kwenye maji, hakuna msumari, lakini kila baada ya siku mbili unajaza. Paka povu la sabuni kwenye valvu, kisha kuzunguka mdomo wa rimu nje na ndani. Baada ya shimo, mapovu mara nyingi hutokea pale tairi linapokutana na rimu, mahali ambapo mdomo umekunjika kidogo sana. Rimu ya chuma hukunjika na hugongwa ikarudi. Rimu ya sporti ni ya alumini: hukunjika kidogo, ikizidi inapasuka, na ufa hupenda kukaa upande wa ndani.

Msimamo wangu hapa hauna mjadala mrefu. Mkunjo mdogo wa mdomo unyooshwe kwenye mashine. Ufa unaoelekea kwenye mikono ya rimu, tupa rimu. Na ukiona mtu anaipasha rimu ya sporti kwa moto wa gesi mpaka inalainika ndipo aigonge, ichukue uondoke nayo, kwa sababu alumini ile ilipewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa na moto wa mtaani unaufuta.

Usukani unatetemeka

Uliza kwanza: kwa mwendo gani? Mtetemo unaoanza kama kilomita 80 kwa saa, ukazidi kwenye 100 na kupungua ukipita hapo, ni balansi. Shimo linaweza kuwa limeangusha vile vipande vya risasi vilivyobandikwa kwenye rimu. Wakati wa mvua kuna chanzo cha bure kabisa: tope lililoganda ndani ya rimu. Osha ndani ya magurudumu yote kwanza. Watu wamelipia balansi juu ya tope, likadondoka njiani, mtetemo ukarudi, fundi akalaumiwa.

Mtetemo ukiusikia kwenye kiti kuliko kwenye usukani, tazama magurudumu ya nyuma. Ukitokea unapokanyaga breki tu, hizo ni diski, na huenda shimo linasingiziwa.

Balansi ikifanyika na mtetemo ukabaki, huenda rimu imepinda. Inua gurudumu, zungusha kwa mkono, shikilia kalamu karibu na mdomo wa rimu bila kuisogeza. Rimu nzima itapita kwenye umbali uleule. Iliyopinda itasogea na kurudi. Kwenye mashine ya balansi dalili ni risasi nyingi zinazodaiwa mahali pamoja. Fundi anayezipanga mstari mrefu bila kusema neno anaficha rimu mbovu.

Gari linavuta upande, au usukani umekaa kombo

Haya ni mambo mawili tofauti.

Kuvuta ni pale ukilegeza mikono gari linahama njia. Barabara zetu zimemwagwa kwa mteremko kidogo kuelekea ukingoni ili maji yatoke, kwa hiyo kuvuta kushoto kidogo ni kawaida. Jaribu mahali tambarare. Pima upepo wa pande zote mbili. Kisha badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto, kama si ya aina yenye mshale wa mwelekeo. Gari likianza kuvuta upande mwingine, tatizo ni tairi, na umelijua bila kununua spea. Likivuta upande uleule, endesha kidogo kisha sogeza mkono karibu na rimu bila kugusa: yenye joto kuliko mwenzake ina breki inayong'ang'ania. Hapo tu ndipo uende kwenye mashine ya alaimenti, inayopima mwelekeo wa magurudumu.

Usukani kukaa kombo wakati gari linakwenda mbele vizuri ni dalili kwamba tairodi (fimbo inayosukuma gurudumu likate kona) imepinda au kipimo cha magurudumu kimehama. Hapa kuna ujanja wa mtaani wa kuujua: fundi anachomoa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka. Macho yanaridhika, lakini tairodi bado imepinda na matairi yanaendelea kuliwa pembeni. Isitoshe, ndani ya usukani kuna eabegi, si mahali pa kufunguliwa kwa ajili ya kupendezesha.

Omba karatasi ya vipimo kabla na baada. Kwenye magari mengi haya madogo kinachorekebishika mbele ni magurudumu kutazamana au kuachana. Mlalo wa gurudumu umewekwa kiwandani na hauna skrubu ya kuuzungusha. Kwa hiyo karatasi ikionyesha gurudumu la kushoto limelala na la kulia limesimama, kuna chuma kimepinda: mkono wa chini, shokapu au kishikio cha beringi. Hakuna alaimenti itakayotibu hilo. Nyuma ya IST na Vitz za kuvuta mbele kuna ekseli moja isiyorekebishika, na vipimo vya nyuma vikiwa vibaya baada ya shimo, ekseli ndiyo ya kutazamwa.

Kama mashine iko mbali, chukua kamba. Usukani ukiwa umenyooka, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kushoto na kulia. Ukikuta upande mmoja ni mfupi kwa sentimita nzima, mkono wa chini umerudi nyuma.

Linagonga

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Kwanza toa jeki, wili spana na tairi la akiba kwenye buti, kisha pita barabara ileile. Usicheke. Jeki iliyolegea kwenye kishikio chake inagonga kiasi cha kumfanya mtu anunue shokapu mbili za nyuma. Pili, unapopita kwenye viraka gusa breki kidogo tu. Mlio ukikatika, ni pedi zinazocheza kwenye kalipa, basi.

Ukibaki, sikiliza ni wa namna gani. Mlio mwepesi na mkavu, tok-tok-tok, unaosikika kwenye njia ya vumbi kwa mwendo mdogo, mara nyingi ni stebilaiza linki, vile vifimbo vyembamba vyenye kigololi kila ncha. Kipimo chake hakihitaji spana. Panda tuta taratibu magurudumu yote mawili ya mbele yakipanda pamoja. Kisha pita mahali ambapo gurudumu moja tu linashuka shimoni. Chuma cha stebilaiza kinafanya kazi pale upande mmoja unapopanda na mwingine kubaki. Yote mawili yakipanda sawa, kinajizungukia tu bila kuvuta linki. Mlio ukisikika kwenye shimo la upande mmoja na kupotea kwenye tuta, mshukiwa wa kwanza ni linki au bushi za stebilaiza. Ukibaki kote kote, achana nazo.

Mlio mzito, "gubu," unapoanza kuondoka au unapokanyaga breki na kuachia, ni bushi za mkono wa chini. Weka gari mahali peupe, breki ya mkono ikiwa imevutwa, mtu akanyage breki ya mguu na kuhamisha gia kutoka D kwenda R na kurudi. Wewe simama ubavuni, kamwe usisimame mbele wala nyuma. Tazama gurudumu: likisogea mbele na nyuma kwenye uwazi wake wakati tairi limekamatwa na breki, bushi ya mkono imeachia.

Usukani ukizungushwa gari likiwa limesimama na ukasikia springi inaruka, "tang," weka mkono kwenye springi huku mtu mwingine akizungusha usukani. Ikijisokota kisha ikaruka ghafla, beringi ya mauntingi ya shokapu imekufa. Ni kifaa kidogo, na mafundi wengi wanabadilisha shokapu huku wakirudisha mauntingi ileile iliyochoka.

Kwa bol jointi inua gurudumu, weka stendi chini ya bodi, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki utikise tena. Mchezo ukipotea, ulikuwa wa beringi. Ukibaki, ni bol jointi. Shika kushoto na kulia utikise: mchezo wa hapo kwa kawaida ni wa tairodi endi au mwisho wa raki. Bol jointi ndiyo ya kuogopa kuliko zote nilizotaja, kwa sababu ikichomoka gurudumu linalala chini ya gari na usukani hauna kazi tena. Ikicheza, gari lisitoke gereji.

Na kama gari halipigi bali linalia kama kitanda kibovu kila likipanda tuta, mwagia maji bushi moja baada ya nyingine. Ile itakayonyamaza kwa muda ndiyo kavu. Wanaosema "mvua ikinyesha mlio unaisha" wameshajijibu.

Sasa jambo ambalo gereji nyingi hazilifanyi. Bushi ya mkono wa chini ni mpira uliogandishwa kati ya vyuma viwili, nao hujinyonga kidogo kila gurudumu linapopanda na kushuka. Fundi akikaza bolti zake gari likiwa limeinuliwa na gurudumu linaning'inia, bushi inafungwa katika hali hiyo ya kuning'inia. Gari likishushwa, mpira tayari umejinyonga hata kabla hujaondoka, na kila shimo linauongezea. Ndiyo sababu bushi mpya, hata halisi, zinachanika mapema na unaambiwa "spea za siku hizi feki." Bolti zishikizwe tu gari likiwa juu, kisha zikazwe mwisho likiwa limesimama kwa uzito wake, juu ya shimo la gereji au juu ya lifti ya kubeba magurudumu. Simama pale uone. Ukimwomba fundi kwa heshima hakatai, na akikuuliza sababu mweleze.

Linavuma, na mvumo unapanda na mwendo

Beringi na tairi lililoliwa vibaya hutoa sauti zinazokaribiana. Kwenye barabara iliyo tupu, kwa mwendo wa wastani, peleka usukani kushoto kidogo kisha kulia kidogo. Ukielekea kushoto, uzito unahamia magurudumu ya kulia. Mvumo ukiongezeka hapo, beringi mbovu huenda iko kulia. Ukipungua, tazama kushoto. Usipobadilika kabisa, hamisha matairi ya mbele nyuma: mvumo ukihama pamoja nayo, ni tairi.

Beringi inaweza kuumia kwa pigo moja zito. Gololi zinaacha vijishimo kwenye njia yake, na mvumo unakuja taratibu kadiri chuma kinavyomeguka, kwa hiyo usishangae kuusikia wakati shimo umeshalisahau.

Mlio mwingine unaochanganywa na huu ni "kra-kra-kra" unapokata kona hadi mwisho huku ukikanyaga mafuta. Hiyo ni sivi jointi ya nje, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu. Tazama mpira wake: ukiwa umechanika utaona grisi imerushwa ndani ya rimu. Mpira ukiwahiwa kabla mchanga haujaingia, jointi inapona kwa kusafishwa na grisi mpya. Waliopandisha gari kwa spesa (vipande vya kuliinua) juu ya shokapu wajue pia kwamba wameizidishia jointi pembe. Gari lililoinuliwa linakwepa kugusa chini, kweli, lakini mpira unachakaa haraka na alaimenti inatakiwa kufanywa upya.

Linadunda au linazama mbele

Shokapu iliyovuja huonekana: mwili wake una oili iliyonata vumbi. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu uachie. Linatakiwa kupanda na kutulia, si kuendelea kucheza. Pitisha kiganja kwenye meno ya tairi: vilima na mabonde vinavyopishana ni alama ya gurudumu lililokuwa linaruka barabarani kwa muda mrefu.

Badilisha mbili za mbele au mbili za nyuma pamoja. Shokapu zinazotobolewa na kujazwa oili mtaani sizikatazi kwa aliyebanwa, ila hazimalizi msimu. Na boksi lenye jina la KYB, kampuni ya shokapu ya Japani, pekee si ushahidi. Linganisha uzito, uchomeleaji na namba ya spea na ile uliyotoa kwenye gari. Springi pia iangaliwe ncha ya chini, hukatika kipande kidogo ambacho hakionekani mpaka mtu ainame.

Sauti kutoka chini, katikati ya gari

Ngurumo mpya ya moshi maana yake ekzosi imeachia kwenye kiungo. Mchakacho wa kitu kilichovunjika ndani, hasa injini ikiwashwa, huenda ni masega, kile kisafisha moshi cha ekzosi, yaliyopasuka baada ya kugongwa. Gonga kopo lake kwa ngumi likiwa baridi usikie. Fundi atakayekushauri "tuyatoe tu" mara nyingi anajua masega yana madini ya platinamu na paladiamu na kwamba yana mnunuzi. Yakitolewa, yatolewe mbele ya macho yako na yabaki kuwa yako.

Taa zimewaka, au gari limezima kabisa

Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama unapofunga breki) baada ya shimo mara nyingi ni waya wa sensa ya gurudumu uliovutika au kukatika karibu na kishikio cha beringi. Tazama waya kabla ya kununua sensa. Kama beringi ilibadilishwa karibuni, uliza kama iliwekwa kwa upande sahihi: nyingi zina sumaku upande mmoja, na zikigeuzwa ABS haisomi.

Gari likizima kwenye kishindo, stata ikazunguka vizuri lakini lisiwake, na ni Land Rover ya zamani au baadhi ya Ford, tafuta swichi ya kukata mafuta inayojifyatua gari likigongwa. Kwanza hakikisha hakuna harufu ya petroli wala uvujaji, kisha ibonyeze irudi. Kwa Toyota ndogo usipoteze muda kuitafuta. Kagua vichwa vya betri, kwani terminali iliyolegea huachia kwa pigo.

Nani alipe

Bima ndogo hailipi gari lako, inalipa uliyemgonga. Bima kubwa inaweza kulipa, lakini mikataba mingi huondoa tairi lililopasuka peke yake bila sehemu nyingine ya gari kuharibika, kwa hiyo soma kipengele hicho kabla ya kujaza fomu. Ukitaka kuripoti shimo hapa Tanzania, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya wakala wa barabara, TANROADS, na za wilaya na mitaa ziko chini ya wakala mwingine, TARURA, tangu 2017. Piga picha siku ileile, ukiweka kiatu au chupa ya maji ndani ya shimo kuonyesha kina, na nyingine inayoonyesha jengo au kibao cha mtaa. Likishajazwa kifusi huna cha kumwonyesha mtu wa bima.

Ukishamaliza matengenezo, rudi ukakaze nati za magurudumu baada ya kama kilomita 80 hadi 100. Toyota nyingi ndogo hutaka nguvu ya 103 Nm, na kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, hiyo ni kazi ya dakika moja kwa kila gurudumu.